Kabla hamjapeleka miche ya mivinje Vumawimbi

Waalaykum salaam, Mwalimu.

Umeniandikia kwamba unasomesha jiografia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na unataka kuwavusha wanafunzi arubaini hadi Pemba wakaone matuta ya mchanga ya Vumawimbi, ndani ya hifadhi ya Ngezi. Umeuliza waende lini, ruhusa iombwe kwa nani, na kama wanaweza kupanda juu ya matuta. Umeuliza pia kama itakuwa vizuri kuchukua ile miche ya mivinje mliyoikuza skuli, mkaipande pale ufukweni iwe kumbukumbu ya safari. Mwisho ukataka kujua kama mnaweza kurudi na chupa ya mchanga kwa ajili ya darasa.

Nendeni, Mwalimu, na nakushukuru kwa kulifikiria jambo hili, maana watoto wengi wa Unguja hukua bila ya kuiona Pemba hata mara moja. Lakini juu ya tuta wasipande, miche ibaki Unguja, na chupa irudi tupu. Nayatanguliza haya matatu kwa sababu ndiyo ninayoyashikilia. Sasa nikueleze kwa nini, ili na wewe uweze kuwaeleza wao.

Kwanza watayarishe kwa watakachokiona. Mtoto aliyeona picha za jangwa, au za vilima vya mchanga vya Mambrui kule Kenya, akifika Vumawimbi atauliza matuta yenyewe yako wapi. Pwani ile ya Kenya inalishwa na mito mikubwa. Mto Sabaki na mto Tana hushusha mchanga kutoka bara, bahari ikautembeza kando ya pwani, na upepo ukaupandisha nchi kavu ukawa vilima. Pemba haina mto wa namna hiyo, na baina yake na bara upo mkondo wenye kina cha mamia ya mita, kwa hiyo mchanga wa mito ya bara haufiki kwetu. Tuta la Vumawimbi ni la chini. Mtu anaweza kulivuka huku anazungumza na mwenzake asijue kama amelivuka, na ndiyo maana linaharibiwa bila ya mtu yeyote kukusudia.

Mchanga wa pale umetoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa umetoka baharini palepale. Ni vipande vya matumbawe, makombe yaliyosagika, maganda ya viumbe wadogo mno, na aina za mwani zenye chokaa ndani ya miili yao. Pono naye ana kazi yake. Huyatafuna matumbawe kwa ule mdomo wake mgumu akitafuta chakula, huyasaga, kisha huyatoa yakiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Punje nyingine ni ngumu, hazina chokaa, nazo zimetoka katika udongo wa kale wa Pemba yenyewe. Hili wanafunzi wanaweza kulihakikisha kwa ndimu. Waweke mchanga kidogo katika kiganja, wakamulie matone mawili ya ndimu, wausogeze karibu na sikio. Chembe zenye chokaa zitafanya mapovu na kutoa sauti ndogo ya kuchemka, na zile ngumu zitabaki kimya. Kisha wausuuze na kuurudisha palepale.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloifanya Vumawimbi kuwa tofauti na pwani ya mito. Kule, mchanga ukipungua mwaka huu, mvua za bara zitaleta mwingine. Kwetu mchanga unategemea mwamba ulio hai, pono wasiovuliwa wakaisha, na majani ya bahari yaliyosimama. Akiba iliyopo ufukweni imekusanyika kwa muda mrefu sana, na nyongeza yake huja kidogo kidogo. Lori moja linalochota mchanga usiku huondoa kitu ambacho bahari haitaki kukirudisha kwa haraka.

Sasa tazama tuta linavyojengwa, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Mkifika, simameni kwenye mchanga wa maji, mgeuke muiangalie nchi kavu. Utaona mstari wa majani ya bahari na mwani uliotupwa na maji yaliyojaa usiku. Kwenye mahoteli mengi mstari huu hufagiwa kila asubuhi kwa sababu wageni wanauona ni uchafu, nami huumia ninapoliona reki likipita. Mstari ule ndio mwanzo wa tuta. Upepo ukibeba punje za mchanga hugonga pale na kutua. Majani yanaoza polepole, yanashika unyevu, yanatoa chakula. Wadudu wadogo warukaji wanaishi chini yake, kaa weupe wa mchangani wanakuja kuwala, na ndege wa pwani wanakuja kwa wote wawili. Mbegu iliyoletwa na maji ikiangukia hapo hupata pa kuanzia.

Kinachofuata ni mlakasa, ule mmea unaotambaa wenye majani mazito yaliyogawika ncha na maua ya rangi ya zambarau. Shina lake hurefuka mita nyingi juu ya mchanga, na kila kifundo kinachogusa chini hutoa mizizi. Mchanga ukiufunika, hauoni tabu. Huchomoza juu na kuendelea. Hivyo tuta na mmea hupanda pamoja, mchanga ukiongeza kimo na mmea ukiufunga. Pamoja nao huota nyasi ngumu za pwani. Nyuma yake, palipo tulivu kidogo, vinakuja vichaka, mitondoo, na mikadi yenye mizizi iliyosimama nje kama miguu, ndugu wa ile ambayo wanawake wetu hutia maua yake katika vikuba. Nyuma ya hapo miti inazidi kurefuka mpaka mnaingia katika msitu wa Ngezi wenyewe. Kila safu inaishi kwa kukingwa na iliyo mbele yake. Majani ya miti ya nyuma hayavumilii kupigwa na mvuke wa chumvi moja kwa moja; mlakasa unavumilia, ndiyo maana uko mbele.

Mlakasa unavumilia chumvi, jua la saa saba, upepo wa kaskazi, na kuzikwa ukiwa hai. Usichokivumilia ni kukanyagwa. Shina likivunjika mahali pamoja mara kwa mara, mmea unakufa kutoka pale kwenda mbele, na mchanga uliokuwa umefungwa unafunguka. Mtu mmoja akipita mara moja, hapana neno, mmea utapona. Lakini watu hawapiti hivyo. Wa kwanza anakata njia ya mkato kulifikia maji, wa pili anafuata nyayo zake, na kikundi kinachokuja wiki inayofuata kinadhani hiyo ndiyo njia. Mchanga mtupu ukishaonekana, upepo unaingia na kuuchimba, na njia ya hatua moja inakuwa bonde dogo. Ikija bamvua, yaani siku za maji makubwa, nayo ikawa na upepo, maji yanapita kwenye lile bonde na kuingia nyuma ya tuta. Wanafunzi wako arubaini, wakipanda na kushuka kwa kuteleza kama nijuavyo vijana watakavyotaka, wataifanya kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja.

Tuta likifunguka, hasara yake haiishii ufukweni. Mchanga ule ni ghala la maji. Mvua inayonyesha juu yake huzama na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu wa maji, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huyabana maji ya chumvi kiasi cha mita 40 chini. Ndiyo maana mji wa Lamu umeishi kwa maji ya vilima vya Shela, na ndiyo maana katika pwani zetu unaweza kukuta kisima cha maji ya kunywa karibu kabisa na bahari. Ukiushusha mchanga, unaishusha mita ile, na chumvi inapanda. Pemba watu wanaijua chumvi kuingia katika mabonde ya mpunga; wapo wakulima walioyaacha mashamba ya wazee wao kwa sababu hiyo.

Na tuta ni ukuta unaojua kurudi nyuma. Bahari ikichafuka, mawimbi hulila tuta kwa mbele, mchanga unashuka na kutandazwa chini ya maji, kina kinapungua, na mawimbi yanayofuata yanavunjikia mbali. Miezi ikipita, maji yaliyotulia yanaurudisha mchanga juu. Ukuta wa saruji hauna uwezo huo: wimbi likiupiga hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio mbele yake, na ufukwe unaisha. Vimbunga kwetu ni nadra, lakini vipo. Kile cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika karafuu. Juzi tu, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia, bahari yetu nayo ilichafuka.

Nije kwenye wakati. Msimu ninaoupendelea ni baada ya masika, Juni au Julai. Mlakasa uko kijani na mnene, jua si kali, na ufukwe wa Vumawimbi, ambao umeelekea mashariki na kaskazini, haupigwi sana na mawimbi kama unavyopigwa wakati wa kaskazi. Lakini msimu una uzito mdogo kuliko maji. Ukichagua siku mbaya, hata wanafunzi wenye adabu watalazimika kukanyaga tuta, kwa sababu maji yakijaa hakuna mahali pengine pa kusimama.

Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bamvua huku kwetu hukaribia mita 4. Wewe unataka kufika wakati maji yamepwa kabisa, ufukwe umefunguka mpana, wote arubaini wakae kwenye mchanga mgumu wa maji bila ya kugusa jani. Siku za bamvua maji hupwa asubuhi, baina ya saa 4 na saa 5 na nusu hivi, na kujaa saa 10 za alasiri au baadaye kidogo. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu uchague tarehe baina ya 1 na 3, au 15 na 17. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo yanageuka, maji ya asubuhi yanakuwa juu. Pata jedwali la maji ulihakikishe, na umuulize mvuvi yeyote wa Tumbe au Msuka, hatakudanganya. Mkiwa ufukweni saa 3 asubuhi na kuondoka saa 7, mtakuwa mmepata wakati mzuri kuliko wote.

Hii ina maana mlale Pemba. Boti itakushusheni Mkoani au Wete, na kutoka Wete mpaka Konde si mbali. Mkitaka kufanya yote kwa siku moja mtafika Vumawimbi mchana, mmechoka, maji yanapanda. Bora safari isubiri fedha za kulala zikipatikana.

Ruhusa inaombwa katika sehemu mbili, na ya pili watu wengi huisahau. Ngezi na Vumawimbi ziko chini ya Idara ya Misitu, na sheria inayoongoza ni Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996. Andika barua rasmi ya skuli, ueleze idadi, tarehe na mnachokwenda kufanya, uipeleke mapema. Kiingilio kinalipwa ofisini penye lango la msitu, kwenye barabara ya Konde kwenda Makangale, na hapo mtapewa mwongozaji. Msimkatae kwa kudhani mnaijua njia. Sehemu ya pili ni kwa sheha wa shehia husika. Vumawimbi si pori lisilo na wenyewe. Wavuvi hupiga dago pale, yaani kambi ya uvuvi, wanawake hupita kwenda pwani kuchokoa pweza, na watoto wa Makangale wanaijua kila njia. Watu arubaini wakitokea bila ya taarifa wanawakosesha raha wenyeji wao. Mpigie sheha, ujitambulishe, na mkifika msalimieni. Wavuvi wasipigwe picha bila ya kuulizwa. Mavazi unayajua mwenyewe.

Gari liishie pale inapoishia njia, lisiingizwe mchangani hata kama dereva anasema analiweza. Kutoka hapo mtembee mstari mmoja katika njia ile ile ambayo mwongozaji ataipita. Njia moja iliyokanyagwa sana ni afadhali mara nyingi kuliko njia tano zilizokanyagwa kidogo. Na msiende wote pamoja. Wagawe makundi mawili: nusu wabaki msituni na mwongozaji mmoja, nusu waende ufukweni, kisha wabadilishane maji yakiwa bado chini.

Wa msituni hawatakuwa wanapoteza muda. Ngezi ni mabaki ya msitu wa asili uliokuwa umeifunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu. Waonyeshwe mti wa mjoho, na mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao makwao khasa ni Pemba. Wasikilize ninga wa Pemba, mmoja katika aina nne za ndege wasiopatikana popote duniani ila kisiwa hiki. Kuna kitu kingine ambacho wewe kama mwalimu wa jiografia utakifurahia: katika sehemu za mchanga uliochujwa na mvua mpaka ukaisha rutuba, huota vichaka vya jamii ambayo kwa kawaida mtu huikuta juu ya milima mirefu ya baridi. Hapa iko karibu na usawa wa bahari. Muulize mwongozaji kama njia yenu inaifikia.

Wakiwa na bahati watawaona popo wa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache tu, wakiwindwa kwa kitoweo. Vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda katika miti wanamolala, Kidike ukiwa mfano unaojulikana, na hesabu zilizofanywa baadaye ziliwakuta karibu 20,000. Nalitaja hili kwa makusudi. Wanafunzi wa siku hizi wanasikia habari za kuharibika kwa kila kitu mpaka wanachoka. Hapa wanaweza kuona kwa macho kitu kilichokuwa kinakwisha na watu wa kawaida wakakirudisha.

Kuhusu kasa nitasema machache, lakini ni mazito. Kasa, pamoja na ng'amba ambaye ni aina yake nyingine, hutaga katika fukwe za Zanzibar. Jike hupanda usiku mpaka juu ya alama ya maji, mara nyingi penye mlakasa, huchimba na kutaga mayai yanayokaribia au kuzidi mia, kisha hurudi baharini. Mayai hukaa kama miezi miwili. Mkiona mburuzo mpana mchangani, unaokwenda juu na kurudi, msiufuate mkachimbua. Mwambieni mwongozaji, yeye ndiye atakayejua la kufanya. Na tafadhali waambie wanafunzi waziwazi kwamba nyama ya kasa inaweza kuua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza kusini ya Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki baada ya kuila. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sumu ile haiondoki kwa kupika.

Makombe yaachwe. Kaa wasio na nyumba yao wenyewe huishi ndani yake, na yasiyo na mwenyewe ni mchanga wa kesho. Takataka zenu mrudi nazo, na mkiokota chupa za wengine mtakuwa mmefanya vyema, ila mziokote kwenye mchanga mtupu. Zilizonasa ndani ya mlakasa aziokote mwongozaji.

Sasa mivinje. Najua hapa nitawavunja moyo, kwa sababu kupanda mti ni kheri na wanafunzi wameihangaikia ile miche kwa maji na kivuli. Mvinje ni mti ninaouheshimu. Mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana unaota mahali ambapo mti mwingine hufa kwa njaa. Bamburi, karibu na Mombasa, mtaalamu René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mawe matupu yanayounguza. Leo ni msitu wenye wanyama, na mvinje ndio uliofungua njia.

Lakini machimbo yale hayakuwa na kitu cha kuharibiwa. Tuta la Vumawimbi limeshajaa. Mvinje ukikua mbele ya tuta hudondosha vijiti vyake laini kila siku, vikatandaa mkeka mzito chini, na mlakasa hauoti juu ya mkeka ule wala chini ya kivuli kile. Baada ya miaka michache utakuwa na mti mrefu uliosimama juu ya mchanga usiofungwa na kitu. Mizizi yake mingi inatambaa juujuu. Bahari ikija kula ufukwe, kama inavyofanya katika misimu yake, mlakasa ungekatika kidogo na kuota tena. Mvinje unaanguka mzima na kung'oa pande la mchanga. Mivinje iliyolala hivyo mtaiona kwenye fukwe nyingi zinazoliwa. Kivuli chake nacho hupooza mchanga, na joto la mchanga ndilo linaloamua mayai ya kasa yatoe majike au madume: penye joto majike, penye ubaridi madume. Mizizi iliyojazana humzuia jike asichimbe.

Wako wenzangu wanaoutetea mvinje kama kinga ya upepo. Nyuma kabisa, pembezoni mwa mashamba, nakubaliana nao. Mbele ya tuta la asili lililo hai sikubaliani, na ndani ya hifadhi hakuna mtu anayeruhusiwa kuingiza mche wowote kwa uamuzi wake. Hata mche wa asili unatakiwa uulizwe. Miche yenu itafutieni chimbo la mawe lililoachwa, au ardhi ya maweni ambayo haijabaki na kichaka, hapa Unguja, karibu na skuli ili waweze kuimwagilia. Sheha wenu atajua lilipo. Huko itakuwa na kazi ya kufanya.

Kama wanafunzi wanataka kuliachia tuta jambo la faida, liko moja linalolingana na somo lako: walipime. Mwaka 1961 mwanajiolojia wa Marekani, K. O. Emery, alieleza njia ya kupima umbo la ufukwe isiyohitaji chombo cha gharama. Mnahitaji fito mbili zilizonyooka, zenye urefu sawa wa mita moja na nusu, zilizotiwa alama kila sentimita kuanzia juu kwenda chini, na kamba ya mita mbili. Anzieni kwenye kitu kisichohama, jiwe kubwa au mti mkongwe ulio kando ya njia. Fito ya kwanza isimame hapo, ya pili isimame mita mbili mbele yake kuelekea baharini. Mwanafunzi aliye kwenye fito ya nyuma ainame mpaka aone ncha ya fito ya mbele imelingana na mstari wa upeo wa bahari, kisha asome jicho lake limeangukia sentimita ngapi chini ya ncha ya fito yake. Hicho ndicho kimo mlichoshuka katika mita mbili zile. Pale mchanga unapopanda badala ya kushuka, mnageuza: mnailinganisha ncha ya fito ya nyuma na upeo, na kusoma kwenye ya mbele. Mnasogea hivyo hatua kwa hatua mpaka kwenye maji, mwenzao mmoja akiandika. Watu watatu wanatosha, na wote wanapita ndani ya njia, hakuna anayekanyaga mmea.

Mkichora vipimo vile kwenye karatasi ya miraba mtapata umbo la tuta kama lililokatwa kwa kisu. Skuli ikirudi mwaka ujao, au mkiomba skuli ya Konde ikupimieni wakati wa kaskazi, mtaona mchanga umehamia wapi. Andikeni tarehe, saa, na hali ya maji, mpige picha kutoka pale pale mlipoanzia, na nakala moja muiache ofisi ya Ngezi. Kumbukumbu za namna hii za fukwe zetu ni chache mno, na fito mbili za wanafunzi zinatosha kabisa kuzianzisha.

Na ile chupa ya mchanga. Sheria inakataza kuchukua mchanga bila ya kibali, nami nisingependa wajifunze kwamba kidogo chetu hakihesabiwi. Kuna njia ya kulisaidia darasa. Kabla ya safari, wapeleke kwenye nyumba yoyote inayojengwa karibu na skuli, wamwombe fundi kiganja cha mchanga wake, wakamulie ndimu, na wamuulize umechimbwa wapi. Waandike jibu lake. Wakifika Vumawimbi wafanye jaribio lile lile, wafananishe, na ukirudi nao darasani mfuate safari ya ule wa fundi: ulikotoka, aliyetoa kibali, na shimo lake liko katika hali gani sasa.